Majina Sita ya Mtoto Mmoja

Ujumbe wa Evarista uliingia kwenye simu yangu asubuhi, wakati natafuta miwani niliyokuwa nimeivaa. "Dada Zuhura, mama ametuacha. Mama tutamzika Alhamisi hapa Nyamiaga. Njoo tumzike mama." Nitasema kweli hata kama inanitia aibu: kabla sijaanza kulia, jicho langu lilikuwa limekwisha kuhesabu. Mama mara tatu katika mistari miwili. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na kitu, nimestaafu, na ugonjwa huo haujanitoka. Nikiona neno limerudiwa, mkono unatafuta kalamu nyekundu. Ndipo machozi yakaja. Nikakaa kitandani na gauni la kulalia, nikalia kwa sababu mbili, moja ya msiba na nyingine ya kujikuta bado ni yule msichana mjinga wa miaka kumi na saba aliyelala katika nyumba ya marehemu mwaka wa vita.

Mwaka huo kwangu haukuanza Januari. Ulianza maharage ya vuli yakiwa yanachanua, upepo ulipoezua bweni la wasichana la shule yetu kule Ngara. Mabati ya kuezekea hayakupatikana, na muda si mrefu vita vikaanza kaskazini, ikawa hakuna wa kumwuliza habari za mabati. Mkuu wa shule akatugawa kwenye nyumba za watu wa Nyamiaga, wawili hapa, mmoja pale, kila mmoja na godoro lake kichwani. Mimi niliangukia kwa Mama Evarista. Nilikuwa kidato cha tatu, mtoto wa mjini Biharamulo, na nilijiona nimepewa nyumba ya wakulima kwa bahati mbaya. Mama akanipokea mlangoni, akanitazama mimi na godoro langu, akasema godoro ni jembamba lakini mwenyewe ni mwembamba zaidi, kwa hiyo yote mawili yatapata nafasi. Kisha akanipakulia ndizi na maharage kabla hata hajaniuliza jina.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, sebule na vyumba viwili, na jiko lake nje chini ya paa la nyasi. Sebuleni palikuwa na meza moja ambayo mguu wake mmoja ulikaa juu ya kipande cha tofali, na ukuta ulibandikwa kurasa za magazeti ya zamani, hivyo ukila ulikuwa unasoma. Mimi nililala chumba kimoja na Evarista, kitanda kimoja, magodoro mawili yameunganishwa. Evarista alikuwa na miaka saba. Mguu wake wa kushoto ulipooza alipokuwa mdogo, ukabaki mwembamba na mfupi kuliko mwenzake. Alikuwa na kiatu cha ngozi chenye vyuma viwili vinavyopanda hadi chini ya goti, alichotengenezewa kupitia nesi mmoja Mwingereza wa hospitali ya misheni, ambaye kila mtu alimwita Sista Margareti. Sista alikuwa amekwisha kurudi kwao. Alipoondoka alimwambia Mama: kiatu kikianza kumbana, niandikieni, nipeni kipimo, na barua iwe ya Kiingereza kwa sababu wataisoma mafundi. Nilipofika mimi, kiatu kilikuwa kimekwisha kumbana. Vidole vilikuwa na vidonda. Mtoto aliyekuwa amezoea kutembea alirudi kutambaa, na kwa umri ule kutambaa kunaumiza zaidi, kwa sababu mwenyewe anajua anachokikosa.

Kati ya chumba chetu na cha wazazi kulikuwa na kizuizi cha matete tu, kwa hiyo mazungumzo yao yalikuwa mazungumzo yetu. Ndivyo nilivyosikia Baba Evarista ameitwa kwenye mgambo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mikungu ya ndizi tangu utoto. Asubuhi ya kuondoka alikunywa uji amesimama. Evarista alikuwa ameketi kizingitini, na babake akachuchumaa mbele yake, akamwambia kiatu kipya kitakuja, na yeye atarudi, na siku atakayorudi anataka akishuka kwenye lori amkute Evarista amesimama barabarani kumpokea. Si uani, barabarani. Evarista akauliza upande gani wa barabara. Baba akafikiri vizuri, kana kwamba ameulizwa na ofisa, akasema upande wa huku, asije akagongwa. Akaenda. Mama akabaki ameshika kikombe cha uji, kisha akanigeukia mimi na kuniambia kwamba jioni tutaandika barua.

Hapa lazima nimlete Mwalimu Kamugisha, kwa sababu bila yeye barua ile ingekuwa barua tu. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, Mhaya, nadhifu, suruali yake ina mkunjo hata wakati ambao Ngara nzima haikuwa na sabuni. Alikuwa na sheria moja kuu: katika insha ya Kiingereza neno halirudiwi. Ukilirudia katika aya moja alilizungushia duara jekundu, na kila duara lilikula maksi. Alikuwa na kitabu kinene cha visawe kisicho na jalada, amekifunga kwenye kitambaa, na kila Ijumaa alitukabidhi kwa zamu tunakili ukurasa mmoja. Tukawa na madaftari ya visawe kama wenzetu wa mashule mengine walivyokuwa na madaftari ya nyimbo. Badala ya "said" tuliandika "uttered", "remarked", "declared", hata kama msemaji alikuwa anaomba chumvi tu. Nyumba ikawa "residence", kisha "dwelling", kisha "abode", na bado ilikuwa ile ile ya udongo. Mimi nilikuwa bingwa. Daftari langu waliliazima hata wa kidato cha nne, na sikuwa mnyenyekevu kuhusu jambo hilo.

Jioni ile Mama alikaa kwenye mkeka akiwa amempakata Evarista. Alikuwa amekwisha kumpima kwa namna ya huko, kwa uzi wa mgomba mkavu: anauvuta kutoka kisigino hadi kidole gumba anafunga fundo, anauzungusha kwenye kifundo cha mguu anafunga fundo la pili, goti la tatu. Kazi ya kusuka mikeka na vikapu ilimpa vidole vya uhakika. Kisha akaanza kusema maneno ya barua, mimi naandika kwa Kiswahili ili baadaye nigeuze. "Mwambie Evarista anamsalimu. Mwambie Evarista kiatu kimembana. Evarista hawezi kurara, vidole vinamwuma. Evarista ameandikishwa darasa la kwanza, na shule iko ng'ambo ya bonde, na Evarista anatambaa. Mwambie baba yake Evarista ameenda vitani. Mwambie Evarista anamsubiri." Kila sentensi jina. Ndivyo alivyosali pia alfajiri upande wa pili wa matete, kwa Kihangaza, na hata kama sikushika maneno yote, jina nililisikia likipita tena na tena. Nikamwandikia huku moyoni nikimhurumia. Nilijiambia mama huyu hakusoma, hajui kwamba barua haiendi hivyo.

Nikaenda kuigeuza. Siku tatu nilifanya kazi ile, na sijawahi tena kuifurahia kazi ya kuandika namna ile. Jina la Evarista nililiweka mara moja tu, kwenye salamu. Baada ya hapo nikafungua daftari. Anayeumwa vidole akawa "the infant", nami nikiamini ni neno la heshima la mtoto, kumbe ni mtoto mchanga. Anayetambaa akawa "the invalid". Anayeandikishwa shule akawa "the pupil". Anayemsubiri baba akawa "the lass", neno nililolipenda kwa sauti yake. Kulikuwa na "youngster" pia, sikumbuki alifanya nini, na "child" wa kawaida mahali fulani katikati, maskini, amesahauliwa. Mguu ukawa "limb". Kiatu, ambacho ndicho kilichokuwa kinaombwa, kilianza kama "boot" kikamalizia kama "slipper", yaani ndara. Ule uzi wa mgomba sikuutia kwenye bahasha. Niliona haya kupeleka gome la mgomba Uingereza. Nilipima kwa rula ya shule, nikaandika inchi kwa maneno mazuri, nikasema ndicho kipimo cha mguu wa "the infant". Uzi nikauficha katikati ya kurasa za daftari. Nikampelekea Mwalimu Kamugisha barua kabla ya kuituma. Aliisoma amesimama, akatafuta duara la kuchora akalikosa, akanipa kumi na nane juu ya ishirini na kuisoma darasani.

Desemba shule ikafunga na sikuweza kwenda kwetu. Mabasi na malori yalikuwa yamechukuliwa kwa ajili ya vita, na petroli iliyobaki ilikuwa ya ofisi. Nikabaki Nyamiaga. Kila jioni balozi wa nyumba kumi alitoa redio yake nje na watu wakakaa kusikiliza habari za vita, wanaume wakibishana kuhusu majina ya miji ya Uganda ambayo hakuna aliyeijua. Mama hakwenda. Alisema habari zake zitakuja kwa miguu. Tulikula ndizi, tukala muhogo, tukala maharage yenye chumvi na maharage yasiyo na chumvi. Siku ya Krismasi alimkamata jogoo wake wa pekee, akamfunga miguu, akaondoka naye mapema bila kusema aendako. Alirudi jua limekwisha kupanda. Alikuwa amekwenda naye mpaka mjini kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu ili achinje yeye, nami niweze kula. Hakuniambia, nilisikia siku nyingine fundi mwenyewe akimtania kwamba jogoo yule alikuwa amechoka safari kabla ya kuchinjwa. Nilikuwa nimekula mapaja mawili na kuuliza kama kuna mchuzi zaidi. 

Jibu lilifika Machi, siku ya soko. Mama alilichukua mwenyewe posta, akalipeleka nyumbani kifuani, akaja kunisubiri njiani nitokako shule, mikono yake ina unga. Nikafungua bahasha nikasoma kimya. Sista Margareti alikuwa na mwandiko wa duara, wa mtu asiye na haraka. Alisema amefurahi sana kupata barua, lakini amepata shida kuielewa, na anaomba asamehewe kama kosa ni lake. Je, watoto ni wangapi sasa? Anaona kuna mtoto mchanga mwenye vidonda, na kuna mgonjwa asiyeweza kusimama, na kuna mwanafunzi, na kuna msichana anayemsubiri baba yake. Kati yao ni yupi anayehitaji kiatu, na je, ni kiatu au ndara? Mafundi walikuwa wamemwekea nafasi kabla ya Krismasi, lakini hawakuthubutu kuanza bila kujua mguu ni wa nani, kwa kuwa kipimo kimeandikwa ni cha mtoto mchanga, nacho ni kikubwa mno. Nafasi hiyo imepita. Akijibiwa ataomba nyingine. Na mwishoni kabisa akasema amefarijika kwamba Evarista anamsalimu. Yeye anaendeleaje? Kiatu chake bado kinamtosha?

Mama aliuliza anasema nini. Nikamwambia anasalimu. Nikamwambia bado wanatengeneza. Nilisema kwa urahisi ulionishangaza mwenyewe, na Mama akashukuru Mungu palepale barabarani, akasahau mikono yake ina unga akanishika mashavu. Jioni ile alipika ndizi kwa siagi ya ng'ombe aliyokuwa ameiweka akiba.  Evarista aliniuliza kama Sista amesema kiatu kitakuwa na rangi gani.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu Kamugisha baada ya kipindi, nikampa barua ya Sista. Nilitaka, nadhani, anikemee, au aniambie kosa ni la Mwingereza. Aliisoma, akageuza karatasi kutafuta kama kuna zaidi, akakaa kwenye dawati la mwanafunzi, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya. Akavua miwani. "Zuhura," alisema, "mimi nilikufundisha kumwandikia mtahini. Kumwandikia mtu sikukufundisha. Nilidhani unajua." Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba na yeye alidhani anajua. Hatukuzungumza tena jambo hilo, na mwaka ule wote uliobaki maduara mekundu hayakupungua hata moja, kwa sababu mtihani ulikuwa unakuja na watahini ni wale wale. Lakini barua za watu hakuzisoma tena darasani.

Nilimkuta Mama jikoni, anapuliza moto. Nilianza kulia kabla ya kusema, ikabidi anisubiri. Nikamweleza yote, mpaka uzi. Nilimweleza kwamba nilimwita Evarista majina sita ili barua iwe nzuri, na Sista akaona watoto wengi. Aliniangalia, na moshi ukimtoa machozi ambayo sikujua kama ni ya moshi peke yake. "Kwa hiyo huko Uraya nina nyumba imejaa," alisema. Akacheka kidogo. Kicheko kikaisha, akachukua kijiti akawa anachorachora majivu. Akasema alizaa watatu. Wawili amewazika kule Kirushya, kwa mama mkwe, kabla hata Evarista hajazaliwa. "Mwandikie ni mmoja. Anitazame vizuri huyo Sista. Ni mmoja tu." Hakuna adhabu ya baba, ya mama wala ya mwalimu niliyowahi kupewa ambayo imenikaa kama sentensi ile.

Barua ya pili tuliiandika hapohapo jikoni, juu ya ubao wa kukatia mboga. Mara hii sikugeuza baadaye. Alisema sentensi moja, nikaiandika moja kwa moja kwa Kiingereza, nikamsomea tena kwa Kiswahili ili ahakikishe. Evarista ni mtoto wangu mmoja. Kiatu cha Evarista kimembana. Evarista anatambaa. Evarista anataka kwenda shule. Evarista, Evarista. Mkono uliniwasha kwa kutaka kubadilisha, nauzuia, na nilipofika katikati ya ukurasa nikagundua kwamba sikuwa nahesabu tena. Kisha akampima mtoto upya. Akaniambia nilete na ule uzi wa zamani. Nikautoa kwenye daftari, akaulaza mkekani sambamba na mpya, fundo kwa fundo. Mpya ulizidi kwa upana wa punje ya maharage. Nilitazama ile punje ya maharage nikaelewa kwamba ndicho nilichomwibia, kipande cha kukua ambacho angekuwa amekifanya akiwa amesimama. Nikanyoosha mkono niutupe ule wa zamani motoni. Mama akanizuia. "Tia zote mbili," alisema. "Aone kwamba anakua."

Baba Evarista alikuja Aprili, katikati ya masika, bila kutarajiwa. Alikuwa na lori lililotumwa kuchukua maharage ya jeshi, na mkubwa wake akampa siku mbili. Aliposhuka barabarani alisimama kidogo akitazama huku na huku. Mimi nilikuwa natoka kisimani nikamwona. Alitazama upande wa huku, akatazama na wa pili, akaweka begi begani akaja nyumbani. Evarista alikuwa amesikia lori, ametambaa hadi mwisho wa uwanja, magoti yote matope, na alipomwona babake alianza kuomba msamaha. Alisema kiatu hakijaja. Baba akainama. Alimwinua hivyohivyo na matope yake, akamkalisha mabegani, juu ya koti la jeshi, na kwa siku mbili sidhani kama alimshusha isipokuwa kula na kulala. Alitembea naye shambani. Alitembea naye hadi Kirushya kumwona mama yake na kurudi, mvua inawanyeshea, Evarista ameshika masikio yake kama usukani na kumwelekeza pa kukanyaga.

Usiku wa kwanza, wakati wa kula, alimwuliza Mama kama kiatu bado.  Mama alikuwa anapakua, hakuinua macho. Akasema posta nayo iko vitani. Baba akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, hata wao barua zinawafikia zimechoka. Kisha akanigeukia mimi, akanishukuru kwa kuwaandikia. Aliniita mwalimu. Alisema akirudi salama atamletea baba yangu mkungu wa ndizi kwa miguu mpaka Biharamulo. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema, na yule mtu alikuwa mpole, angenisikiliza. Nikasema ahsante, baba. Alfajiri ya tatu lori lilipiga honi, akaondoka. Wiki chache kabla ya vita kwisha, katibu wa kata alikuja na wanaume wawili, wamevua kofia tangu mbali, na Mama akawaona tangu wako kwenye kona ya migomba, akakaa chini palepale alipokuwa.

Sitaeleza matanga. Nitasema tu kwamba nyumba ilijaa, na mimi nililala jikoni na wanawake kutoka Kirushya walionifundisha kunyamaza pamoja na mtu. Kiatu kilikuja Julai, kwenye boksi lenye kamba, na ndani kulikuwa na barua ya Sista yenye mistari minne na nyuzi mbili za mgomba, amezirudisha zimefungwa pamoja kwa utepe. Kilimfaa. Mama alimvisha sebuleni, akakaza mikanda, akamsimamisha akishika meza, na ile meza ikatikisika kwenye tofali lake. Evarista alipiga hatua tatu. Akapumzika. Kisha akatoka nje, akavuka uwanja polepole, tukadhani anakwenda kuwaonyesha majirani. Alikwenda barabarani. Akasimama upande wa huku. Mwanamke mmoja aliyekuwa nasi akataka kumkimbilia amrudishe, Mama akamshika mkono. Tulimtazama kutoka mlangoni akiwa amesimama, uso ameuelekeza kule malori yanakotokea, mpaka jua likafika utosini. Akageuka mwenyewe akarudi, akaomba maji.

Haya ndiyo niliyokwenda nayo Nyamiaga Alhamisi ile. Tangu mwaka ule nimekuwa nikija, nikituma sukari, nikituma ada ya wajukuu, nikiitwa shangazi. Wanafunzi wangu niliwafundisha visawe, maana mtihani hauna huruma, ila niliwauliza kwanza wanamwandikia nani. Evarista sikuwahi kumwambia. Miaka ilivyopita ikawa vigumu zaidi, na nikajipa visingizio vingi vizuri. Tulipomaliza kumzika mama na watu kupungua, tulikaa sebuleni, sisi wawili. Nyumba sasa ni ya matofali ya kuchoma, na yeye ni mwanamke mzito wa miaka hamsini na kitu, fundi wa nguo anayejulikana Ngara nzima. Nikamwambia. Nilimwambia barua ya kwanza niliiharibu mimi, kwa majivuno, na kwamba kiatu kingefika kabla ya masika. Kwamba babake alishuka barabarani akamtafuta, na kwamba niliona.

"Najua, dada," alisema. "Mama aliniambia nikiwa darasa la sita. Alisema wewe pia ulikuwa mtoto."

Nikamwuliza mbona hakuwahi kusema. 

"Baba simkumbuki uso," alisema. "Picha haipo. Ninachokumbuka ni mabega yake, na koti lilivyonuka mvua, na masikio yake mikononi mwangu. Siku mbili nzima. Kiatu kingekuwa kimefika angenishika mkono, dada. Tungetembea tu."

Sijui kama alisema kweli yake yote au alinihurumia. Mama yake aliweza kufanya yote mawili kwa pumzi moja.  Evarista alikuwa amesimama tangu alfajiri, na niliona anakunja uso. Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikamfungua mikanda ya kiatu. Mguu wake mdogo ulikuwa wa baridi. Nikaushika kwa mikono yote miwili mpaka ukapata joto.